Saa tisa ya nani? Mjiolojia, klipu ya sekunde 14 na usiku mmoja pwani ya Dar es Salaam

Kuhusu kisa hiki

Majina ya watu na la mtaa nimeyaondoa, pamoja na vitu vidogo vidogo ambavyo mwenyeji angevitambua. Mhusika mkuu nitamwita Mama Mawe. Mimi nilikuwa mratibu wake: natafuta mahali pa kukutania, nabeba projekta, nashika kipaza sauti. Sehemu ya kosa ni yangu, na nitaionyesha zamu yake ikifika. Nawaandikia wenzetu wanaokwenda kwa wananchi kueleza mambo ya ardhi, bahari na mvua, hasa wale wanaoamini kwamba ukishakuwa na ukweli mkononi kazi imekwisha.

Usuli

Mama Mawe alisoma jiolojia chuo kikuu, kisha akaenda Kanda ya Ziwa kwenye utafutaji wa dhahabu. Kwa miaka kumi na kitu kazi yake ilikuwa kukaa chini ya turubai akisoma vipande virefu vya mwamba vilivyotoka kwenye uchorongaji, mita kwa mita, na kuandika alichokiona. Hakuwa mtu wa kuhutubia. Kilichomgeuza ni tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9. Alifika Bukoba siku chache baadaye kumpa pole ndugu yake, akakuta mafundi wanainua ukuta ule ule, kwa tofali zile zile, mahali pale pale ulipoangukia. Aliniambia kwamba siku hiyo alijihesabia: miaka yote hiyo ya kusoma mawe, hakuwahi kumweleza mtu asiye na digrii jambo lolote kuhusu ardhi anayoikanyaga.

Akaacha kazi, akahamia Dar es Salaam, akaanza kuzunguka shuleni na mitaani. Malipo yalikuwa ya kubahatisha. Mara nyingi nauli na soda.

Kwa mafuriko, Dar es Salaam haihitaji mwalimu kutoka nje. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilijaa, watu wapatao 40 wakapoteza maisha jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Ukienda Kigogo au Jangwani, mtu anakuonyesha kwa kidole maji yalipoishia ukutani, na anajua ni mwaka gani. Tetemeko ni habari nyingine. Tarehe 12 Agosti 2020, saa 2:13 usiku, ardhi ilitikisika kutoka baharini, kusini-mashariki mwa jiji, kwa ukubwa wa karibu 6.0. Watu walikimbia kutoka maghorofani. Kwa wengi lilikuwa la kwanza maishani, na jambo lililowajia kichwani haraka halikuwa tetemeko bali mabomu, kwa sababu jiji hili bado linakumbuka milipuko ya Mbagala ya 2009 na ya Gongo la Mboto ya 2011.

Baada ya mabomu kukanushwa, likazuka swali la pili: je, wimbi? Wiki chache baadaye mwenyekiti wa mtaa mmoja wa wavuvi, kaskazini mwa jiji, akanipigia simu. Watu wake wanauliza kila siku, na yeye hana jibu. Akaomba aletewe "yule mama wa mawe".

Mkutano

Ilikuwa Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, chini ya mkungu ulio karibu na mnada wa samaki. Watu kama mia hivi: wavuvi waliokwisha kuuza, mama wakaanga samaki na ndoo zao, vijana wa bodaboda, watoto wasiohesabika. Kulikuwa na mwanga mwingi mno kwa projekta, nikaiacha kwenye gari. Tukatumia kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi na chaki.

Mimi ndiye niliyemshauri aanze na jambo kali ili watu wasiondoke. Alitaka kuanza na ufukwe wenyewe, ambao unaliwa mbele ya macho yao. Nikamwambia ufukwe wataukuta kesho. Akakubali, akaanza na 26 Desemba 2004.

Alieleza vizuri. Chini ya bahari, karibu na Sumatra, sakafu ya bahari iliinuka ghafla na kusukuma maji yaliyo juu yake. Ukubwa 9.1. Kwa saa zetu ilikuwa saa kumi kasoro dakika moja alfajiri, siku ya Jumapili, siku moja baada ya Krismasi. Watu zaidi ya laki mbili walikufa katika nchi zinazozunguka Bahari ya Hindi. Kwetu walikufa wasiopungua kumi, wengi wao vijana waliokuwa wakiogelea pwani ya jiji hili. Hapo pakawa kimya.

Kisha akageukia ubao. Katika kina kirefu wimbi la namna hiyo hukimbia kama kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege. Kutoka kule hadi hapa ni kilomita zaidi ya 6,000. Akaandika 6,300, akagawanya kwa 700, akapata 9, akaipigia mistari miwili. Na kama msimulizi yeyote mzuri wa Kiswahili, alipofika penye utamu aliacha wakati uliopita akahamia uliopo: "Wimbi linatoka kule, linakuja, saa tisa, linafika hapa Dar es Salaam. Na sisi hakuna aliyetuambia!"

Hoja yake ilikuwa njema. Alitaka waone kwamba mwaka 2004 jiji lilikuwa na karibu nusu siku ya kujiandaa, lakini Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari, na kwamba sasa upo. Sehemu hiyo ya pili aliisema dakika tatu baadaye, wakati muuza kahawa anapita akigonga vikombe vyake.

Mzee mmoja mvuvi akanyanyua mkono. "Mwanangu, hilo na bamvua tutavitofautishaje? Maji makubwa tunayaona kila mwezi."

"Shikamoo mzee wangu. Bamvua unalijua kwa mwezi, sivyo? Unajua leo maji yanapwa saa ngapi. Sasa ukiona maji yamepwa nje ya zamu yake, yamekwenda mbali, mwamba ambao hujawahi kuuona uko wazi, usishuke kuokota pweza. Panda juu."

Lile lilikuwa jibu bora kuliko yote siku hiyo. Hakuna aliyelirekodi.

Kabla ya hapo vijana wawili walikuwa wameniuliza kama wanaruhusiwa kurekodi. Niliwaambia, tena kwa furaha: "Rekodini tu, sambazeni elimu."

Usiku ule

Klipu ilikuwa ya sekunde 14. Inaanza na "Wimbi linatoka kule", inaishia na "hakuna aliyetuambia". Saa moja jioni ilikuwa kwenye grupu la bodaboda, saa tatu imefika kwenye magrupu ya akina mama wa vikoba, na kila iliporushwa ilipata kichwa kipya. Kilichonifikia mimi saa nne na nusu kilisema: "MTAALAM WA SERIKALI AMETHIBITISHA, SAA TISA USIKU WA LEO, USIPUUZE." Mama Mawe hakuwa wa serikali na hakuthibitisha lolote.

Msomaji wa Kiswahili ameshaona kilichotokea. "Saa tisa" kwetu ni urefu wa muda na ni wakati kwenye saa ya ukutani, neno moja kwa vyote viwili. Na "linakuja" ni la simulizi ya jana na ni la kesho pia. Mwaka 2004 ulibaki nje ya klipu. Kilichobaki ni sauti ya mtu anayejua mambo, isiyo na wasiwasi, ikisema wimbi linakuja saa tisa, linafika Dar es Salaam.

Kufikia saa tano usiku familia zilikuwa zinapanda barabarani na magodoro. Bajaji zilipandisha nauli. Waliobaki walibaki kwa sababu ya vyombo: mwenye mashine ya boti haachi mashine.

Maamuzi na sababu zake

Pendekezo langu la kwanza lilikuwa barua. Tuandike kukanusha, mtendaji wa kata apige mhuri, isambazwe asubuhi. Mama Mawe alinijibu kwa simu, bila kupandisha sauti: "Asubuhi ni baada ya saa tisa." Wazo la barua likafa hapo.

Akarekodi sauti. Ya kwanza ilikuwa dakika moja na sekunde arobaini, ina Sumatra, ina kina cha bahari, ina kila kitu. Nikairusha. Majibu yaliyorudi yalikuwa maswali: kwa hiyo ni saa ngapi? Watu walikuwa wanasikiliza wakiwa wanafunga mizigo, na neno "wimbi" lilitajwa humo mara saba.

Kabla ya kurekodi ya pili tulibishana, na ubishi huo ndio sehemu ninayoikumbuka zaidi. Mimi nilitaka aseme: "Hakuna wimbi, laleni." Alikataa. Alisema hakuna mjiolojia duniani anayeweza kuapa kwamba bahari haitafanya kitu usiku fulani, na akiapa leo, siku ikitokea hatasikilizwa tena. Nikamwambia ukisema "siwezi kuwa na uhakika" mtu atasikia "linakuja". Tulikuwa sahihi wote wawili, na dakika zilikuwa zinakwenda. Mwishowe alipata njia: aache kuapa kuhusu bahari, aseme anachokijua na atakachokifanya. Ilitoka hivi, sekunde ishirini na kitu:

"Asalaam aleikum, ni mimi yule mama wa mawe. Wimbi nililolisimulia leo ni la mwaka 2004, limeshapita. Ile tisa ni urefu wa safari yake, siyo saa ya usiku wa leo. Hakuna taarifa yoyote ya wimbi. Nakuja huko sasa hivi, nitakaa ufukweni mpaka alfajiri."

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa msikiti. Mwenyekiti alimwendea imamu, ambaye alisita. Kipaza sauti usiku ni cha msiba au moto. Alikubali saa saba, akasoma sentensi moja tu ya kutuliza. Tatizo ni kwamba walio mbali kidogo hawakusikia sentensi. Walisikia kipaza sauti kimelia saa saba usiku, wakajua basi ni kweli. Mawimbi pekee ya usiku ule yalikuwa ya watu, na hilo la pili tulilisababisha sisi.

Saa nane na robo tulifika. Mama Mawe alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kanga begani, viatu pembeni. Maji yalikuwa yanapwa kama kawaida yake. Wazee wanne wakaja kukaa naye, muuza kahawa akaja na kashata. Vijana walipiga picha ya video: yule yule wa kwenye klipu, ufukweni, anakunywa kahawa. Saa tisa ilipofika mtu mmoja aliitazama simu yake, akaitazama bahari, akaomba kikombe kingine. Kufikia saa kumi watu walikuwa wanarudi na magodoro yao.

Matokeo

Nyumba nne ziliibiwa: runinga, mitungi ya gesi, na mashine moja ya boti ambayo mwenyewe alikuwa hajamaliza kuilipia. Bibi mmoja alianguka kutoka kwenye bodaboda akavunjika kifundo cha mkono. Mama Mawe alikwenda kumwona hospitali. Bibi hakumlaumu, mjukuu wake alimlaumu, na alikuwa na haki.

Ofisi ya kata ilisimamisha mikutano yetu. Hatukupinga.

Miezi miwili baadaye tuliitwa tena, safari hii na mama wakaanga samaki peke yao. Hakuna simu iliyotoka mfukoni. Mama Mawe alianza na ufukwe. Aliwaonyesha minazi ambayo mizizi yake imebaki inaning'inia hewani kama nywele, akawauliza mchanga ulikuwa unafika wapi walipoolewa. Kila mmoja alijua. Kisha akawaeleza mchanga wa ufukwe unatoka wapi: mito kama Tegeta na Mbezi inauleta kutoka juu, pepo za kusi na kaskazi zinausukuma huku na huko, na malori yanayochimba mchanga mtoni kwa ajili ya ujenzi yanakula chakula cha ufukwe kabla hakijafika mezani. Ufukwe wa Kunduchi umekuwa ukiliwa hivyo tangu miaka ya 1970.

Kuhusu tetemeko alitumia chumvi, kwa sababu walikuwa nayo pale. Kila hatua moja ya ukubwa ni nguvu kama mara 32. Kutoka 6.0 ya Agosti hadi 9.1 ya Sumatra ni zaidi ya mara elfu arobaini. Akachota kijiko cha chai cha chumvi: hili ndilo lililotutikisa sisi. La Sumatra ni magunia mawili ya kilo mia mia. Mama mmoja akasema, "Kumbe tulikimbia kijiko." Wakacheka, naye akacheka kidogo.

Ile klipu haikufa. Kimbunga Jobo kilipoisogelea pwani yetu Aprili 2021, kabla ya kupoteza nguvu, ilirudi na kichwa kipya. Lakini mtaani pale mtu alimpigia Mama Mawe simu moja tu, kuuliza: "Mama, hili ni la upepo au la ardhi?" Akamjibu ni la upepo, amsikilize Mamlaka ya Hali ya Hewa, na boti azipandishe juu.

Uchambuzi

Watu watasema kosa lilikuwa la aliyeikata klipu. Sikubaliani. Klipu hukatwa, hiyo ndiyo tabia ya klipu, kama maji yanavyoteremka. Swali ni kama sentensi inaweza kusimama peke yake bila kudanganya. "Mwaka 2004 wimbi lilisafiri muda wa masaa tisa" ungeikata popote na isingemtoa mtu kitandani. Ile ya Mama Mawe ilikuwa tamu zaidi, na utamu wake ulitoka kwenye vitu viwili: wakati uliopo wa simulizi, na kutotaja mwaka kwa sababu alikwisha kuutaja. Tangu hapo ana kanuni yake ya mdomo: kila sentensi yenye hatari ndani yake ibebe mwaka wake na mahali pake, hata kama inachosha. Ni kweli inachosha. Mihadhara yake ya sasa haina mvuto wa ile ya chini ya mkungu.

Ushauri wangu wa kuanza na jambo kali ulikuwa ushauri wa mtu wa matangazo. Unapoanza na hatari adimu na kubwa, kila unachosema baadaye kinasikika kama maelezo ya hatari hiyo. Ukianza na mnazi ulioanguka jana, watu wanaongea wao, na unajifunza wanapima vipi. Yule mzee alikuwa na kipimo kizuri cha tahadhari kuliko vyote tulivyokuja navyo, yaani ratiba ya kupwa na kujaa iliyomo kichwani mwake. Tulikipata kwa bahati, kwa sababu aliuliza.

Kilichotuliza watu usiku ule hakikuwa sayansi. Ilikuwa sauti ile ile kwa njia ile ile, na mwili wa mtu mahali penye hatari aliyodaiwa kuitangaza. Hili linanipa shida kidogo kulisifia, maana siku hatari ikiwa ya kweli, mtaalamu kukaa ufukweni ni upumbavu, na nina hofu kwamba tumewafundisha watu kumtafuta Mama Mawe ufukweni kama dalili ya usalama. Nilimwambia. Alisema alilijua hilo akiwa juu ya mtumbwi, lakini saa nane usiku hakuwa na chombo kingine.

Kuhusu kipaza sauti cha msikiti, imamu alikuwa na akili kuliko sisi. Chombo chenyewe ni ujumbe. Kama mtaa hujawahi kukubaliana kwamba sauti ya namna fulani maana yake ni "tulieni", usijaribu kwa mara ya kwanza usiku wa manane.

Na lile jibu la "siwezi kuapa" bado tunalijadili. Mimi sasa naona alikuwa sahihi kukataa, ingawa kukataa kwenyewe kulitugharimu karibu nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo bibi alipanda bodaboda.

Mwaka uliofuata tulichapa bango la shule za msingi za pwani: ramani ya Bahari ya Hindi, mshale kutoka Sumatra, na chini yake, kwa herufi kubwa, MASAA TISA. Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliturudishia nakala yake. Alikuwa ameikata ile "ma" kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba "saa" haina wingi. Mama Mawe aliisoma, akaikunja vizuri, akaagiza nakala nyingine mia mbili za vile vile.